Kinga Juu ya Vilima

Kinga, ambayo wengine huiita baisikeli, hukimbia vizuri katika njia ya tambarare. Mtu anakanyaga, magurudumu yanazunguka, upepo unampiga usoni. Kinga haili majani kama punda, wala hainywi petroli kama motokari. Lakini njia za dunia hii si zote tambarare. Kuna kilima, na nyuma ya kilima kuna kilima kingine. Hapo ndipo akili ya mwendeshaji inapojulikana.

Kijana mwenye nguvu anaona kilima mbele yake. Anasema moyoni: «Nitakishinda kwa mbio!» Anakanyaga kwa nguvu zote. Kufika katikati pumzi zinamwishia, magoti yanatetemeka, kinga inayumba huku na huku. Anaangukia majani kando ya njia. Nyuma yake anakuja mzee mwenye mvi. Mzee hana haraka. Anakanyaga sawasawa, pumzi zake zimetulia. Anampita kijana, anamwamkia, anaendelea mpaka juu.

Je, mzee ana nguvu kuliko kijana? Hapana. Ana dawa ya siri? Hapana. Mzee anajua jambo moja ambalo kijana hajajifunza bado. Jambo hilo lina historia yake, na historia hiyo inatoka katika vilima vya Ufaransa.

1. Mji katikati ya vilima

Upande wa kusini-mashariki wa Ufaransa kuna mji unaoitwa Saint-Étienne. Zamani watu wa mji huo walichimba makaa ya mawe chini ya ardhi. Wengine walifuma utepe wa hariri. Wengine walikuwa mafundi hodari wa chuma, wakatengeneza bunduki. Katika mwaka 1886 ndugu wa jina la Gauthier walitengeneza kinga katika mji huo, na tangu hapo kazi ya kinga ikakua sana huko.

Mji huo umezungukwa na vilima. Mtu akitoka mjini kwenda kusini, barabara inaanza kupanda bila kumpa nafasi ya kupumua. Inapinda, inaingia katika msitu wa misonobari, inapinda tena, mpaka inafika mahali panapoitwa Col de la République. Neno «col» ni la Kifaransa. Maana yake ni mahali palipo chini kidogo kati ya vilele viwili, ambapo njia huvuka mlima. Mahali hapo pana kimo cha meta 1161 juu ya bahari. Ni zaidi ya meta 600 juu ya mji wenyewe.

Mbali na barabara kubwa kuna vijia vingi vya mashamba. Vinakwenda toka kijiji mpaka kijiji, juu ya kilima na chini bondeni. Motokari ni chache. Mwendeshaji wa kinga husikia maji ya kijito, kengele za ng'ombe, na mlio mdogo wa mnyororo wake. Hukutana na mkulima, naye mkulima humpungia mkono. Watu wengi hupenda kusafiri hivyo: si kwa kushindana, bali kwa kuona nchi na kuwasalimu watu wake.

2. Bwana Paul de Vivie

Mtu aliyependa vijia hivyo kuliko wote aliitwa Paul de Vivie. Alizaliwa mwaka 1853. Alifanya biashara ya hariri katika Saint-Étienne. Katika mwaka 1881, alipokuwa karibu na miaka thelathini, alinunua kinga yake ya kwanza. Kinga za wakati ule zilikuwa za namna ya ajabu: gurudumu la mbele lilikuwa kubwa sana na la nyuma dogo, naye mwendeshaji alikaa juu kabisa kama mtu aliyepanda mti.

Bwana de Vivie aliacha hariri, akashika kazi ya kinga. Katika mwaka 1887 alianzisha gazeti la waendeshaji. Humo aliandika kwa jina la kubuni: Vélocio. Mpaka leo waendeshaji wengi wanalijua jina hilo kuliko jina lake la kweli.

Inasimuliwa kwamba siku moja Vélocio alikuwa akipanda Col de la République. Jasho linamtoka, anapigana na mlima. Mara anasikia mtu nyuma yake. Alikuwa kijana, msomaji wa gazeti lake. Kijana akampita taratibu, huku akivuta kiko!

Mwingine angekasirika. Mwingine angesema: «Nimeshikwa na homa leo.» Vélocio alirudi nyumbani akafikiri. Akaona hivi: kinga yake ina mwendo mmoja tu. Mwendo ufaao katika tambarare ni mzito mno katika mlima. Na mwendo ufaao katika mlima ni mwepesi mno katika tambarare, hata miguu inazunguka bure. Basi kinga moja yahitaji miendo zaidi ya mmoja.

3. Meno ya chuma

Ili kufahamu jambo hili, mwanafunzi aitazame kinga yoyote kwa makini. Mbele, penye vikanyagio, kuna chuma cha mviringo chenye meno. Katika gurudumu la nyuma kuna kingine, kidogo zaidi. Mnyororo unaviunganisha vyote viwili. Kila jino la mbele likivuta mnyororo, jino moja la nyuma nalo linasogea.

Tuseme chuma cha mbele kina meno 48, na cha nyuma kina meno 16. Mwendeshaji akizungusha vikanyagio mara moja, meno 48 yanapita. Gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi? 48 kwa kugawanya na 16 ni 3. Gurudumu linazunguka mara tatu. Kama mzunguko wa gurudumu ni meta 2 na sentimeta 10, kinga inakwenda meta 6 na sentimeta 30. Huo ni mwendo mkubwa, unaofaa katika tambarare.

Sasa tuseme mbele kuna meno 32, na nyuma meno 32 vilevile. Vikanyagio vikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja tu. Kinga inakwenda meta 2 na sentimeta 10. Huo ni mwendo mdogo, wa mlima.

Katika mlima wenye njia ya meta 630, mwenye mwendo mkubwa atazungusha vikanyagio mara 100. Mwenye mwendo mdogo atazungusha mara 300. Je, huyu wa pili amepata hasara? Hapana! Kila mara anakanyaga kwa theluthi moja tu ya nguvu.

Mfano wake ni huu. Mama mmoja ana kilo 60 za mihogo za kupandisha toka bondeni. Akizibeba zote mara moja, atavunjika mgongo. Akizigawa katika mizigo mitatu ya kilo 20, atazipandisha zote, na jioni bado atapika chakula. Mihogo ni ileile, mlima ni uleule. Kilichobadilika ni kipimo cha mzigo.

Hivyo ni lazima kukumbuka: vyuma vya meno haviongezi nguvu za mtu hata kidogo. Vinagawanya kazi tu. Na kila kitu kina bei yake: anayepata wepesi anatoa saa. Mwenye mwendo mdogo hupanda polepole. Lakini hufika.

4. Watu wanacheka

Hapo mwanzo kubadili mwendo kulikuwa taabu. Ilibidi mtu ashuke, ahamishe mnyororo kwa mkono, mikono ijae mafuta meusi, kisha apande tena. Baadaye mafundi walibuni chombo kidogo kinachosukuma mnyororo toka chuma kimoja mpaka kingine wakati kinga inakwenda. Vélocio alijaribu vyombo vingi vya namna hiyo. Alivipanda milimani, akaandika katika gazeti lake kipi ni kizuri na kipi ni kibaya.

Je, watu walimshukuru? Wengi walimcheka. Walisema kwamba vyombo hivyo ni vya wazee na wanyonge, na kwamba mwanamume wa kweli hushinda mlima kwa misuli yake. Hata Bwana Henri Desgrange, aliyeanzisha mbio kubwa za Tour de France mwaka 1903, alikuwa na maoni hayo. Hakutaka wakimbiaji wake watumie chombo cha kuhamisha mnyororo. Basi wakimbiaji walifanyaje? Gurudumu lao la nyuma lilikuwa na chuma cha meno pande zote mbili, kila upande kwa kipimo chake. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza, wakalifunga tena, mara nyingine vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Walipofika juu waliligeuza tena.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi. Mwishoni, katika mwaka 1937, wakimbiaji wa Tour de France waliruhusiwa kutumia chombo cha kuhamisha mnyororo. Leo hakuna mkimbiaji wa barabara za milima anayekikosa. Waliocheka walinyamaza. Lakini Vélocio hakuiona siku hiyo, kwa maana alikuwa amekwisha kufa.

5. Namna ya kupanda

Vélocio hakufundisha mambo ya chuma tu. Alifundisha pia namna ya kuutunza mwili. Aliwashauri waendeshaji wale kabla ya kuona njaa, wanywe kabla ya kiu kuwashika, wasingoje kuchoka kabisa ndipo wapumzike. Yeye mwenyewe hakula nyama, naye alisafiri mamia ya kilometa, hata usiku, mpaka uzeeni.

Mtu anayetaka kupanda kilima vizuri hufanya hivi:

Anabadili mwendo mapema, kabla mlima haujamkamata. Akingoja mpaka miguu inakwama, mnyororo unavutwa kwa nguvu nyingi na hauhami vizuri.

Anaanza polepole kuliko anavyoweza. Nguvu alizozitunza chini atazihitaji juu.

Anakaa vizuri kitini, mikono imelegea, kifua kiko wazi. Anayebana meno na kukaza mabega anapoteza nguvu bure, kwa maana mabega hayazungushi gurudumu.

Anasikiliza pumzi zake. Kama anaweza kusema maneno machache bila kuhema, mwendo wake ni mzuri. Kama hawezi kusema hata neno moja, amekwenda mbio mno.

Na mwenye kinga ya mwendo mmoja tu afanyeje? Kinga nyingi nyeusi na nzito, zile zinazobeba magunia ya makaa na mikungu ya ndizi, ni za namna hiyo. Jawabu ni rahisi: mlima ukiwa mkali, ashuke na kusukuma, tena ashuke kabla pumzi hazijakwisha. Kusukuma kinga si haya. Haya ni kuanguka katikati ya njia pamoja na mzigo wa watu kwa sababu ya kiburi.

6. Namna ya kushuka

Wahenga walisema: «Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.» Mchongoma ni mti wenye miiba. Kuupanda ni kazi, lakini kushuka ni kazi kubwa zaidi. Ndivyo ilivyo kwa kilima.

Katika kupanda, mjinga hupoteza pumzi. Katika kushuka, mjinga aweza kupoteza maisha. Njia inateremka, kinga inakwenda yenyewe, mtu anafurahi kama ndege. Haoni ya kwamba hatari inakua kuliko mbio zenyewe. Maana mbio zikizidi mara mbili, njia inayohitajiwa kwa kusimama huzidi mara nne. Kwa mfano, kama kinga yenye mbio ya kilometa 15 kwa saa inasimama katika meta 4, yenye mbio ya kilometa 30 itahitaji meta 16. Na mbuzi akivuka njia meta 10 mbele?

Kwa hiyo mwenye akili hutazama freni zake akiwa bado juu, si akiwa chini. Anatazama kama mipira ya freni haijaisha, na kama nyaya zake hazijakatika uzi hata mmoja. Anashika freni zote mbili pamoja, kwa upole. Akibana freni ya mbele peke yake na kwa ghafula, gurudumu la mbele linasimama, naye anaruka juu ya usukani. Akibana ya nyuma peke yake, gurudumu linateleza, na kinga inachelewa kusimama.

Anapunguza mbio kabla ya kona, si ndani ya kona, kwa sababu hajui kilicho upande wa pili: labda ni gari, labda ni mtoto, labda ni mchanga ulioletwa na mvua. Anakaa upande wake wa njia, hata kama njia ni kimya. Njia kimya si njia tupu. Na siku ya mvua anaanza kushika freni mapema zaidi, kwa maana chuma chenye maji hakishikiki upesi.

7. Mwisho wa Vélocio, na vilima vya Afrika

Huyu mtu aliyepanda na kushuka milima miaka karibu hamsini hakufa mlimani. Katika mwaka 1930, alipokuwa na miaka 76, alikuwa katika mji wake wa Saint-Étienne. Siku hiyo hakuwa amepanda kinga: alikuwa akitembea kwa miguu huku anaisukuma. Tramu, yaani gari linalokwenda juu ya reli ndani ya mji, likamgonga, akafa.

Rafiki zake hawakumsahau. Tangu mwaka 1922, yeye mwenyewe akiwa hai, waendeshaji walikuwa wamekwisha kuanza desturi ya kukusanyika kila mwaka na kupanda Col de la République kwa heshima yake. Huko juu pamewekwa jiwe la kumbukumbu yake.

Jambo alilolitetea limefika mbali, hata Afrika. Katika mwezi wa Septemba wa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya kinga za barabarani yalifanyika Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu, na wakimbiaji waliona sababu yake. Wanaume walipaswa kukimbia kilometa zaidi ya 267, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Walikuwa watu wenye nguvu kuliko wote wa dunia katika kazi hiyo, na kinga zao zilikuwa na vyuma vingi vya meno. Hata hivyo wengi waliachia njiani. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa nchi ya Slovenia. Hata yeye hutumia mwendo mdogo katika mlima mkali, wala hakuna anayemcheka.

Sasa twaweza kumrudia yule kijana aliyeanguka katika majani. Mzee aliyempita hakuwa na nguvu kuliko yeye. Alijua kipimo chake, naye hakuona haya kukifuata. Akipenda, kijana naye aweza kujifunza jambo hilo leo. Kilima hakiondoki. Kesho kitakuwa palepale, kikimngoja.

MAANA YA MANENO

Tambarare: mahali pa sawa, pasipo kilima.
Utepe: kitambaa chembamba na kirefu cha kufungia au kupambia.
Misonobari: miti mirefu ya nchi za baridi, majani yake ni kama sindano.
Kiko: chombo cha kuvutia tumbako.
Kufa ganzi: kukosa kusikia chochote katika mwili, kama vidole wakati wa baridi.
Freni: chombo cha kusimamisha kinga, wengine husema breki.

MASWALI

1. Kwa nini kijana alishindwa kupanda kilima, na mzee akafaulu?
2. Vélocio alifanya nini baada ya kupitwa na kijana mwenye kiko? Mtu mwenye kiburi angefanya nini?
3. Je, vyuma vya meno huongeza nguvu za mtu? Eleza kwa mfano wa mama na mihogo.
4. Kabla ya mwaka 1937, wakimbiaji wa Tour de France walibadilije mwendo?
5. Kwa nini ni lazima kupunguza mbio kabla ya kona?
6. Eleza methali hii: «Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.» Toa mfano mwingine usio wa kinga.

HESABU

Kinga moja ina chuma cha mbele chenye meno 42. Nyuma ina vyuma viwili: kimoja cha meno 14, kingine cha meno 28. Mzunguko wa gurudumu ni meta 2. Vikanyagio vikizunguka mara moja, kinga itakwenda meta ngapi kwa chuma cha kwanza? Na kwa cha pili? Katika mlima wenye njia ya meta 900, mwendeshaji atazungusha vikanyagio mara ngapi kwa kila chuma?

KAZI

Tazama kinga iliyo karibu na nyumbani kwako, kwa ruhusa ya mwenyewe. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Pima mzunguko wa gurudumu kwa kamba. Tazama freni zake zote mbili. Andika mistari kumi juu ya uliyoyaona, na useme kama kinga hiyo inafaa kushuka kilima.